Kupe katoka, muwasho haujatoka

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 54, naishi Hai, Kilimanjaro. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani, na majani yao nayafuata tambarare. Mwanzoni mwa Juni nilirudi na mzigo, nikakuta kupe wadogo mno wametapakaa kiunoni, nyuma ya magoti na shingoni. Niliwapaka mafuta ya taa nikawakwangua. Sasa ni miezi miwili na zaidi na sehemu zile zimebaki na vinundu vigumu vinavyowasha, hasa usiku. Vingine vimekuwa vyeusi. Nimekunywa piriton, nimepaka krimu ya duka la dawa tyubu mbili, nimechomwa sindano ya kusafisha damu. Wifi yangu anasema vichwa vya kupe vimebaki ndani, vitolewe kwa wembe. Mwanangu aliyeko Minnesota ananiambia nipime ugonjwa wa Lyme, ambao huko kwao huletwa na kupe, na niache nyama. Mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye huwa naenda naye majanini, naye ana vipele vichache miguuni. Nifanyeje?

JIBU: Mama, shikamoo. Pole sana kwa kujikuna muda wote huo.

Nianze na uliyoambiwa na watu wa karibu. Hakuna kupe aliye hai chini ya ngozi yako, na hakuna sumu ya kupe inayozunguka kwenye damu ikingoja sindano ya kuisafisha. Kinachowasha sasa ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Ilikusanyika pale kupe alipotema mate, na haijakubali kutawanyika. Ndiyo maana dawa nyingi ulizotumia zimekwama: zinapigana na kitu ambacho hakipo tena. Na ile moja ambayo ingekufaa nadhani uliipaka kwa siku chache, muwasho ukapungua, ukaiacha, muwasho ukarudi.

Kupe hali kama mbu, ambaye hudunga na kuondoka. Kupe wa majani hujishikiza kwa siku kadhaa. Hupenyeza mdomo, hutema gundi inayoganda na kumshikilia, kisha hutema mate na kufyonza damu kwa zamu. Ndani ya mate hayo mna kemikali za kuzuia damu isigande na nyingine za kuipumbaza kinga. Kwa nyanda za chini za Kilimanjaro na Arusha, na kwa mfugaji wa ng'ombe, wa kwanza kushukiwa ni kupe wa kahawia wa masikio, huyu huyu anayewaletea ng'ombe ugonjwa wa ndigana kali. Mwaka 1999 watafiti walieleza kwamba mate ya kupe huyu yana protini zinazoinasa histamini, yaani ile kemikali ya mwili inayotuletea muwasho na uvimbe wa haraka. Kwa hiyo anapokula, hutahisi chochote. Muwasho unakuja yeye akiwa ameshatoka au ameshakufa, na mabaki ya mate yake yamebaki kwenye ngozi.

Mwili nao hujifunza. Mtu anayeumwa na kupe mara ya kwanza anaweza kuona kidoa tu. Wewe umekata majani miaka na miaka, kinga yako inamfahamu kupe vizuri, na safari hii walikuja wengi kwa mpigo. Seli za kinga zimejazana kwenye kila tundu la mdomo wa kupe na kujenga kinundu. Kwa watu wengi kinundu hicho huisha ndani ya wiki moja au mbili. Kwa wengine hukaa wiki kadhaa hadi miezi, na wapo ambao kimoja au viwili huvuka mwaka. Inachosha, lakini si dalili kwamba kuna kitu kinaoza ndani.

Tena hasira hii ya ngozi ina kazi yake. Mwaka 1939 mtafiti wa Marekani aitwaye William Trager alionyesha kwamba simbilisi walioumwa na kupe mara ya kwanza, walipopandikizwa kupe tena, ngozi yao iliwakataa: kupe walishindwa kushiba. Wafugaji mnaliona hilo kwa macho. Zebu wa kienyeji huwakataa kupe kuliko ng'ombe wa kisasa, ambaye wanamjaa. Hata kwa binadamu, utafiti wa kisiwa cha Block Island huko Marekani ulikuta kwamba watu wanaowashwa sana na kupe walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata Lyme kuliko wasiowashwa. Mwambie mwanao hilo, atafurahi.

Sasa vichwa. Kupe waliokuuma walikuwa wachanga, wale wenye miguu sita. Jike mmoja wa kupe wa kahawia hutaga mayai kwa maelfu, na watoto wakitotolewa hupanda pamoja kwenye ncha za majani. Ndiyo maana mtu hapati mmoja bali hupata kundi zima, na ndiyo maana inatokea sana baada ya masika. Mdomo wa kupe wa umri huo ni mdogo kiasi kwamba hata ukibaki, ngozi huusukuma nje yenyewe inapobadilika. Wembe utaleta kidonda, usaha na kovu, na kwa sisi watu weusi kovu lenyewe linaweza kuvimba na kuwa keloidi litakalowasha kuliko kupe. Mkatalie wifi kwa upole. Suala la mdomo kubaki nalichukulia kwa uzito pale tu mtu alipoumwa na kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, kwa sababu mdomo wake ni mrefu kweli. Kinundu kimoja kisichoisha baada ya kupe huyo kinaweza kukatwa na daktari kwa ganzi, na nyama ikapelekwa maabara. Wewe hujafika huko.

Kabla ya dawa yoyote, kuna swali ambalo jibu lake unalo wewe: vinundu ni vile vile vya Juni, au vingine vinazaliwa vipya? Leo usiku chukua kalamu ya wino uzungushie kila kimoja, au mwombe mtu akupige picha za simu kiunoni, shingoni na nyuma ya magoti. Baada ya siku saba tazama tena. Kama vyote ni vile vile, shida yetu ni moja tu, kuituliza kinga iliyokasirika. Vikiwepo vipya, bado unaumwa na kitu, na hakuna krimu duniani itakayomaliza muwasho huku wadudu wakiendelea kula. Hapo tazama majani, tazama mbwa na kuku wanaolala karibu na nyumba, kagua mishono ya godoro na nyufa za kitanda kwa ajili ya kunguni. Vipele vikiwa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kuzunguka kitovu, na watu wengine wa nyumbani nao wanajikuna usiku, fikiria upele, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na vijidudu vya ngozini. Upele hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, la sivyo mnaambukizana kwa zamu hadi Krismasi.

Kuna mtego mmoja katika kuhesabu huku. Ukiumwa na kupe mmoja mpya leo mguuni, vinundu vya zamani vya kiunoni vinaweza kuamka navyo na kuanza kuwasha upya, kwa sababu seli zilizobaki pale zimepata habari. Watu wengi hudhani ugonjwa umesambaa. Kumbe ni kupe mmoja tu wa jana.

Nije kwenye dawa. Piriton imekuangusha kwa sababu inazuia histamini, na muwasho uliokaa wiki tisa hauendeshwi na histamini peke yake. Seli zilizokusanyika hutoa kemikali nyingine zinazochokoza mishipa ya fahamu moja kwa moja. Kinachobaki cha maana katika piriton ni usingizi. Kama usiku ndio unaokutesa, kidonge cha sitirizini cha miligramu 10 jioni kinatosha, au piriton usiku tu, lakini usimeze zote mbili pamoja. Na asubuhi ya kwanza usipande bodaboda wala kushika panga kabla hujajua kichwa kimeamkaje.

Dawa yenyewe ni steroidi ya kupaka, yaani dawa ya kuituliza kinga kwenye ngozi, yenye nguvu ya kutosha, kwa muda wa kutosha, mahali padogo. Ile ya duka la dawa uliyopaka, kama ilikuwa krimu ya mchanganyiko wa dawa tatu (ya fangasi, ya bakteria na steroidi pamoja), ilikupa nafuu kwa sababu ya steroidi iliyomo. Hizo mbili nyingine hazikuhusika. Sizipendi krimu hizi. Zinapakwa kila kitu, zinaficha fangasi zisitambulike, na mtu hajui kwamba anatumia steroidi, kwa hiyo hajui aache lini.

Kwa mtu kama wewe ningetaka betamethasoni valereti ya asilimia 0.1, ya mafuta badala ya krimu kama ipo, kwa sababu mafuta hupenya vizuri kwenye ngozi iliyokakamaa. Paka asubuhi na jioni kwa siku 14 juu ya kinundu chenyewe tu, kiasi cha kukifanya king'ae, ngozi nzima ya pembeni usiiguse. Baada ya hapo paka mara moja kwa siku kwa wiki moja, kisha siku moja ndiyo, moja hapana, kwa wiki nyingine, ndipo uache. Shingoni na nyuma ya magoti ngozi ni laini, kwa hiyo huko ishia siku 7. Usoni, makwapani, chini ya matiti na kwenye mikunjo ya mapaja usiipake kabisa. Vinundu vigumu vya kiunoni, vile vinavyokaa chini ya fundo la khanga na kusuguliwa kila siku, ukishapaka usiku vifunike kwa plasta hadi asubuhi. Plasta inaongeza nguvu ya dawa, na inazuia kucha, jambo ambalo lina thamani kama dawa yenyewe.

Visiposikia baada ya hapo, kuna klobetasoli ya asilimia 0.05, ambayo ni kali zaidi, na kuna sindano ya triamsinoloni anayochoma daktari wa ngozi ndani ya kinundu chenyewe. Hiyo sindano ni nzuri kweli kwa vinundu vikaidi. Inaweza kuacha kishimo kidogo au doa jeupe kwa muda, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutokuichoma ovyo. Usiichanganye na sindano ya matakoni ya steroidi ambayo watu huchomwa kwa jina la sindano ya mzio au ya kusafisha damu. Ile husambaa mwili mzima, huleta nafuu ya siku chache, hupandisha sukari na presha, kisha muwasho hurudi. Hukutaja kisukari wala presha, lakini kwa umri wetu na baada ya sindano ile usiyojua ilikuwa na nini, pima vyote viwili.

Najua kuna kinachokutisha kuhusu steroidi, kwa sababu klobetasoli hiyo hiyo ndiyo inayofichwa ndani ya mikorogo ya kujichubua, na sote tumeona nyuso zilizoharibika. Hofu hiyo ni ya haki kwa anayepaka uso na mwili mzima kwa miaka. Kinundu cha ukubwa wa harage kwa wiki tatu nne ni habari nyingine kabisa. Nawaona wagonjwa wengi wanaoumia kwa kupaka kidogo mno kwa muda mrefu mno kuliko wanaoumia kwa kupaka sawasawa.

Jambo moja la kukusimamisha: kama kinundu chochote kina usaha, kina joto, kinauma badala ya kuwasha, au kina gamba la rangi ya asali, hapo bakteria wameingia kupitia kucha. Kitibiwe kwanza, steroidi baadaye.

Mchana, muwasho ukikushika, weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi. Kalamaini inasaidia kidogo, na mafuta ya kawaida ya vaselini ukitoka kuoga yanasaidia zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu ngozi kavu huwasha yenyewe, na Agosti ya Hai ina baridi inayokausha. Maji ya moto ya kujimwagia juu ya kinundu yanatuliza kweli kwa nusu saa, ndiyo maana watu wanayapenda, lakini yanakausha ngozi na nimeona malengelenge. Majani ya mwarobaini ya kuogea sina ugomvi nayo. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa juu ya ngozi ninao ugomvi nacho mkubwa, maana kinaunguza. Mafuta ya taa vivyo hivyo. Na kuna jambo sikuliona kwenye barua yako lakini nalisikia kila mwaka: mtu anajipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Zile ni sumu zinazopenya kwenye ngozi, na baadhi yake humfanya mtu atokwe mate, atetemeke na kushindwa kupumua. Ziishie joshoni.

Madoa meusi yatabaki hata muwasho ukiisha. Ngozi yetu ikichokozwa humwaga rangi, na rangi hiyo huchukua miezi kadhaa kufifia, miguuni zaidi hata. Usiifukuze kwa krimu ya kuchubua. Doa jeusi lisilowasha limepona.

Sasa naomba nikuambie kitu ambacho huenda hakuna aliyekuambia, na usinichukulie vibaya. Mtu mzima yeyote mwenye vipele vinavyowasha vya mikononi na miguuni ambavyo haviishi, namshauri apime virusi vya UKIMWI. Sisemi hivyo kwa sababu ya mwenendo wa mtu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uganda kwa watu wenye virusi waliokuwa na vipele vya namna hiyo. Vipande vya ngozi vilipotazamwa kwa hadubini, zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa na dalili zile zile za kuumwa na wadudu. Yaani virusi vilikuwa vimeivuruga kinga hadi ikawa inajibu kung'atwa kwa kawaida kwa fujo isiyo ya kawaida, na kadiri kinga ilivyoshuka ndivyo vipele vilivyozidi. Wakianza dawa za kufubaza virusi, wengi hupata nafuu ya ngozi. Kwako, historia ya kupe wengi siku moja inajieleza vizuri na sitarajii jibu lingine. Lakini kipimo ni cha dakika chache, ni bure kwenye vituo vya serikali, na kinaondoa swali mezani.

Homa ni habari tofauti na muwasho, na ningependa uitenganishe kichwani. Ugonjwa ambao kupe wa kwetu humpa mtu mara nyingi ni homa ya kupe ya Afrika, inayoletwa na bakteria aitwaye Rickettsia africae. Hujitokeza siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa: homa, kichwa, shingo na misuli kuuma, mitoki kwenye nyonga, na pale kupe alipouma kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati. Mara nyingi magamba huwa zaidi ya moja. Gamba hilo haliwashi sana, na halifanani na vinundu vyako vilivyokuwa vyeusi kwa rangi tu. Ukipata homa baada ya kupe na kipimo cha malaria kikatoka hasi, mwambie mhudumu neno kupe, umwonyeshe gamba. Usipolitaja, hataliwaza. Doksisiklini huimaliza kwa wiki moja. Wewe umepita wiki tisa bila homa, kwa hiyo kwa kupe wale wa Juni dirisha hilo limefungwa. Homa ya papasi nayo ni kitu kingine: papasi si kupe wa majani, hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku na kurudi ufani, na homa yake huja, huondoka, kisha hurudi baada ya siku kadhaa.

Mwanao. Ana haki ya kuogopa, kwa sababu anaishi kwenye jimbo lenye Lyme nyingi. Lakini kupe anayeibeba huko, Ixodes scapularis, hayupo Afrika Mashariki. Alama ya Lyme ni wekundu unaopanuka siku baada ya siku kuvuka sentimita 5, si vinundu vigumu vidogo vilivyokaa pale pale miezi miwili. Kupima Lyme kwa mtu ambaye hajatoka Hai ni kutafuta jibu la kumchanganya, maana bakteria wa homa ya papasi ni ndugu wa yule wa Lyme na kipimo cha damu kinaweza kuwapotosha watu. Ukienda kumtembelea Minnesota, ukaumwa na kupe huko, hapo umsikilize yeye.

Kuhusu nyama, anachozungumzia kipo kweli. Kuna watu ambao baada ya kuumwa na kupe hupata mzio wa sukari iitwayo alfa-gali iliyomo kwenye nyama ya wanyama wanaonyonyesha. Lilielezwa vizuri mwaka 2009 Marekani, na Afrika Kusini madaktari wamewaona wagonjwa hao kwa wingi katika vijiji vya Eastern Cape. Dalili yake ni ya kipekee: mtu anakula nyama ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe jioni, na muda wa saa 2 hadi 6 baadaye anaamka na mabaka yanayowasha mwili mzima, tumbo kukata, kutapika, au kifua kubana. Samaki na kuku havimdhuru. Kama hilo halijakupata, muwasho wako hautokani na nyama na hakuna sababu ya kuuacha mtori. Likikupata hata mara moja, acha nyama hiyo na uende hospitali. Ukibanwa pumzi, nenda usiku huo huo.

Majani. Ng'ombe lazima wale, kwa hiyo sitakuambia usiende. Tazama mahali walipokuuma: shingoni na kiunoni. Kupe wa miguuni walikupata ukitembea, lakini wa shingoni walitoka kwenye mzigo uliojitwika. Weka turubai au gunia lililobana kati ya majani na mwili, na ubadilishe khanga ya kujitandia kichwani ukifika. Vaa suruali ndani ya buti za mpira, ya rangi nyepesi ili uwaone wakitembea. Nenda jua likishapanda na umande ukaushwe, kwa sababu kupe hushuka chini ya majani kutafuta unyevu joto linapozidi. Ukirudi, usikae kwanza kupumzika na chai. Vua nguo zote nje, uoge kwa sabuni na dodoki mwili mzima, kwa kuwa wachanga wengi huwa bado wanatembea kutafuta pa kushika, na wakati huo wanasombwa na maji. Nguo zipigwe pasi ya moto au zianikwe juani hadi zikauke kabisa. Mkikuta kundi limetapakaa kwenye ngozi, selotepu inawabandua kwa sekunde chache. Kupe mkubwa aliyeshika, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kusokota, na usimponde kwa vidole: Uganda wamekuwa na wagonjwa wa homa ya Kongo inayotoa damu, na damu ya kupe ni njia mojawapo.

Na kama una hata robo eka karibu na nyumba, panda mabingobingo. Yakikua karibu na banda, ambapo ng'ombe wa kulishwa porini hawapiti, safari za tambarare zitapungua. Ng'ombe wako wanyunyizwe dawa kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo, hata kama hawatoki bandani, maana kupe wa mzigo wanaingia nao.

Mjukuu asipakwe dawa yako. Kwa miaka sita, haidrokotisoni ya asilimia 1 asubuhi na jioni kwa siku tano hadi saba juu ya vipele inatosha, pamoja na kucha fupi na soksi ndefu. Sitirizini ya maji apewe kwa kipimo cha duka la dawa kulingana na umri. Watoto wa rika lake huvimba kwa wadudu kuliko watu wazima na wengi wao hutulia wakikua. Ila kila mnaporudi majanini mkague nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani na kinenani, na akiumwa na homa ndani ya wiki mbili zinazofuata mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

Wiki nne zikipita umepaka kama nilivyosema na vinundu havijashuka, au kimoja kikianza kukua, kupasuka au kutoa damu, nenda Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Uko karibu nacho kuliko wasomaji wangu wengi. Siku hiyo usipake kitu chochote, na beba tyubu zote ulizowahi kutumia, hata zilizokwisha.